Pete ya Mujinga na Jino Yangu

Siku ya kwanza, 9 juin 2025

Kamina muzima, kutoka ku gare ya treni mpaka ku base ya basoda, jino ya dhahabu iko moja tu. Iko mu kinywa yangu, minyi Kyungu, ajusteur ya zamani, fundi ya vyuma mu atelier ya reli. Nikicheka ku soko, bamama banafunga macho, jua inabapiga mu uso!

Bon. Ni uongo. Cahier hii ya kuandikia ni yangu peke, nimudanganye nani? Jino iko bronze. Bronze ya coussinet ya wagon – ile kipande yenye ekseli inazungukia ndani yake. Nilikata kofia kidogo na lime, tupa ya chuma, 1974, infirmier mumoja mulevi akanigandishia juu ya jino yenye ilivunjika. Miaka makumi tano na moja nasema dhahabu. Bengine banaamini. Bengine banaheshimu muvi yangu.

Cahier alinipa Léonie, mujukuu yangu. Anafundisha chimie ku lycée, anaishi kwangu. Aliniambia: kambo, andika, pengine utaacha kusumbua bantu mu njia. Sawa. Naandika. Na bantu nitabasumbua vilevile.

Mangaribi alikuwa anasahihisha makaratasi ya examen. Nikasikia anacheka peke. Banauliza mwanafunzi: kitu inerte ni kitu ya namuna gani? Anajibu: ni kitu yenye ilikufa. Nikamuambia Léonie amupatie kumi juu ya kumi – maiti gani ilisha kufanya kitu? Hapana kambo, anasema. Haikufa. Ni kitu yenye haisikilizane na mwengine. Unailetea maji, unailetea hewa, unailetea ndimu, inabakia vile ilikuwa. Haitoe, haikamate. Sawa dhahabu.

– Sawa jino yangu, nikasema, nikafungua kinywa.

– Jino yako, kambo, inanuka feza ya makuta ya zamani.

Mutoto mubaya ule.

Tukiwa pale, hodi! Mujinga. Bibi ya Nahum... mujane ya Nahum, inaenda miezi munane sasa na kinywa yangu haijazoea. Nahum alikuwa rafiki yangu ya kazi, établi moja, meza moja ya kazi, yeye upande ya dirisha, minyi upande ya mulango. Mujinga ananiita shemeki. Hakukubali kiti. Alisimama tu, akanyoosha mukono.

– Shemeki, tazama.

Kidole ya pete iko kijani. Chini ya pete, duara muzima, rangi ya sombe.

Dada yake Kyabu alimucheka mbele ya bamama ya chorale ya kanisa: dhahabu gani hii inaota majani! Sasa Mujinga anasema siku ya posho, samedi, saa tatu ya asubui, ataenda kwa Tshimanga, bijoutier, fundi ya dhahabu ya ku soko, amupimie na acide yake. Na juu kidole ilivimba na pete haitoke tena, Tshimanga ataikata na musumeno.

– Weye unajua vyuma, shemeki. Iko dhahabu ao haiko?

Nikakohoa. Nilikohoa murefu sana. Muzee akikohoa bantu banangojea. Yeye naye alingojea, kisha akachoka, akaenda.

Siku ya pili, 10 juin

Baridi. Vumbi. Moshi ya majani yenye banachoma kule mashambani. Niandike ile kitu, juu hakuna muntu ya kumuambia.

Pete ya Mujinga nilitengeneza minyi.

Sisi bantu ya reli, ile miaka, tulioa na wagon. Pastere anataka pete, na pete haiko. Sasa coussinet ikipasuka, chef anaitupa mu sanduku ya vyuma ya kuyeyusha. Muchumba anakuja kwa ajusteur na upole mingi – siku ile anakuita yaya, mukubwa yake, hata kama anakupita miaka! – anakuletea kuku: unikatie moja, yaya. Unakata. Unatoboa. Unapiga lime. Unasugua na mafuta na unga ya matofali mpaka inangaa. Mu camp yetu bamama yote balijua, na balikuwa na maringo nayo. Bakigombana na bwana: kuja utoe wagon yako mu kidole yangu! Bwana anajibu: wagon ile ilisha kupita terminus, mama, hairudi!

Nahum peke alifanya kosa. Siku ya ndoa, baba ya Mujinga, mulimi ya Kabongo, muntu hakujua mambo ya atelier, anashika mukono ya mutoto yake, anauliza: ile ni dhahabu? Na Nahum anatazama mukwe, anatazama bibi-harusi, anajibu: ndiyo, baba. Neno mbili tu. Nilikuwa pembeni yake, nikaangalia viatu vyangu.

Kipande yenye ilibakia, njo nilifanya jino. Kwa hiyo pete na jino ni ndugu, tumbo moja, na minyi njo mama yao.

Nahum hakuwa hata na kuku ya kunipatia. Alinishika bega pale pa établi, akasema: Kyungu, niko na deni yako, hapana ya makuta. Siku yenye utaniomba kitu, kidogo ao kubwa, sitakataa. Nikasema nitafikiri. Nilifikiri miaka makumi tano! Yeye akakufa bila niombe. Kati yetu, mujinga nani?

Na ku kitanda yake ya kufia, octobre, bengine banamuimbia nyimbo ya Mungu, yeye ananivuta sikio. Nikafikiri anataka kuniaga. Anasema: usimuambie. Nikaapa.

Lakini kuko kitu moja sielewe. Bronze naijua. Jino nikiiacha siku mbili bila brosi, inakuwa kijani, Léonie anakataa kula pembeni yangu. Pete ya Mujinga ilingaa miaka yote ile. Niliiona kila siku ya yenga ku kanisa. Juu ya nini? Coussinet moja. Lime moja.

Siku ya tatu, 11 juin

Nilienda ku soko kuharibu muntu ya haki. Sikuweza.

Tshimanga iko muntu mufupi, anavaa lunettes mbili ku macho, moja juu ya ingine. Nilianza na akili: siku ya posho mama mumoja atakuja na pete ya manjano, weye useme tu ni dhahabu, acide yako uiache mu chupa. Anacheka. Anasema: baba Kyungu, minyi sisemake kitu. Maji ya chupa njo inasema, minyi najua kusoma tu. Kisha:

– Fungua kinywa, nipime ile jino yako.

– Acide mu kinywa yangu?

– Tone moja tu, baba.

– Weka mu kinywa ya mukwe yako!

Lakini nilikuwa nayo ku mufuko, ile kipande ya mwisho ya coussinet. Nilisha kuiweka mu kopo ya misumari tangu 74, sijue juu ya nini muntu anawekaka kitu. Akaipitisha juu ya jiwe yake nyeusi. Ikaacha mustari ya manjano, muzuri. Pembeni yake akapitisha dhahabu ya kweli. Mistari mbili. Naapa, macho yangu haikuweza kuchagua.

Akatia tone moja huku, tone moja kule.

Mustari ya dhahabu ilibakia. Maji ilikaa juu yake sawa mvua juu ya bati. Mustari yetu ilitoka povu kidogo, ikakuwa kijani, ikaisha. Kujikuna tu mara moja, haiko! Jiwe nyeusi, basi.

– Haiko hasira, baba, Tshimanga anasema. Banaita mbili. Mumoja anaitika, mwengine haitike.

Akaniletea kiti. Nafikiri na uso yangu ilibadilika rangi.

Nikamuuliza: na dhahabu, hakuna kitu yenye inaweza kuiita, iitike? Anasema iko. Acide mbili. Moja peke, dhahabu haisikie. Ingine peke, haisikie. Ukizichanga pamoja inayeyuka sawa sukari mu chai. Bazungu balizipa jina ya kifalme.

Nilirudi na miguu. Kipande yangu ilipunguka kidogo sana, muntu mwengine hangeona.

Siku ya ine, 12 juin

Courant ya umeme ilirudi saa moja ya mangaribi, bantu bakapiga kelele mu avenue sawa goal. Léonie ananionyesha ampoule ya taa: mule ndani kuko gaz, argon. Uzi inawaka moto kabisa, na gaz inabakia pembeni yake, haifanye kitu. Njo juu ya ile uzi haiungue. Hewa ya kawaida ingeisha kuimeza.

Nikasema anieleze polepole, kichwa yangu ilitokea shule mwaka ya tano primaire.

Anasema: kila kitu, kambo, iko sawa nyumba. Nyumba ingine iko na batoto benye banapenda kutembea – shaba njo ile. Hewa inapita, inasema hodi, batoto banaenda nayo, na kule kwenda njo kijani. Dhahabu inakaza batoto yake. Argon, yeye, nyumba ilisha kujaa, kila muntu na kiti yake: hakuna ya kutoka, hakuna ya kuingia. Lakini kambo, usisemake kitu iko inerte, unyamaze pale. Uliza: inerte mbele ya nani? Mbele ya ndimu, sawa. Mbele ya mwengine, pengine hapana.

Nikamuuliza, sawa muntu mwenye hana neno:

– Na kitu yenye haiko dhahabu, lakini miaka makumi tano inafanya sawa dhahabu?

Aliacha bic. Alinitazama. Anasema kuko namuna mbili. Ya kwanza, ngozi. Sufuria ya aluminium, hewa iliikula juu-juu tu, pale ilikula pakakuwa ngumu, njo pakafunga mulango. Ya mbili, kuko muntu mwenye anafuta, kila mara, mbele kijani haijaonekana.

– Ile ya mbili, iko inerte?

– Hapana, kambo. Inabadilika kila siku. Ni vile iko na muntu.

Akaenda kugeuza bukari, ile ugali yetu. Minyi nilibakia na ampoule.

Siku ya tano, 13 juin

Nilienda kwa Mujinga kusema kweli. Nilikuwa nimeipanga mu njia, neno kwa neno. Hata nilivaa chemise.

Alikuwa anatoa magamba ya samaki ya Bukama pa lupango, kiwanja ya nyumba yake. Kyabu pale pembeni, anasuka nywele ya muntu, masikio iko kwetu. Nikasema: Mujinga, ile pete. Anasema: kaa, shemeki. Na yeye njo alisema.

Anasema: kila siku ya posho. Miaka yote. Nahum akitoka kazi, mbele ya kuoga, mbele ya kula: leta mukono. Ndimu nusu. Majivu ya moto. Kitambaa ya flanelle. Anasugua pete mu kidole, polepole, anaizungusha, anasugua tena. Nikimuambia nifanye minyi mwenyewe, anakataa, anasema dhahabu inataka mukono ya mwanaume.

– Kisha pension, alisha kuacha kazi, anakuja vilevile. Hata tukigombana, shemeki. Kuko wiki tuligombana juu ya mudogo yake, siku tano hatusemezane. Siku ya posho akakuja, akakamata mukono bila neno, akasafisha, akairudisha hapa pa magoti yangu sawa kikombe ya jirani.

Kyabu kule: kwani dhahabu ni sufuria?

Mujinga hakugeuka. Alinitazama minyi.

– Tangu akufe, sijaisafisha. Njo inakuwa hivi. Kyabu anasema dhahabu haisafishwe. Basi kama haisafishwe, shemeki, Nahum alikuwa anafanya nini?

Jibu nilikuwa nayo! Ilipanda. Ilifika mpaka ku jino, ikasimama pale.

Nikasema: kuko dhahabu na dhahabu.

Muoga! Ajusteur ya miaka makumi tatu na saba, nilitoka mu treni yenye ilianguka nikacheka – na mbele ya mama na kisu ya samaki nasema kuko dhahabu na dhahabu. Mujinga alinitazama kinywa. Murefu. Kisha akafunga samaki mbili mu karatasi, akaniwekea mu mukono. Minyi muongo, nalipwa samaki. Nilikula. Zilikuwa tamu, njo mubaya ya kabisa.

Sasa niko hapa na cahier. Kiapo ya Nahum iko upande huu. Upande ule iko kesho saa tatu. Akienda kwa Tshimanga, maji itamuambia bwana yako alikudanganya mbele ya baba yako. Ni kweli, maji haisemake uongo. Lakini maji haitamuambia ya ndimu. Tone moja, povu, kijani, basi, na ataenda nyumbani na kidole mutupu na Kyabu anamungojea pa mulango.

Nahum, rafiki yangu, ulikuwa muongo mumoja tu mwenye alifanya kazi ya uongo yake kila wiki. Bengine tunasema tu tunaenda kulala.

Basi: kesho niamuke mbele ya jogoo, nimungojee pa njia ya soko, nimuambie yote. Wagon, baba ya Kabongo, établi, yote. Kiapo ya maiti nitajibu kule mbele, haiko mbali.

Siku ya posho, 14 juin

Saa kumi na mbili. Niko macho. Kiatu moja haionekane.

Saa mbili na nusu. Kiatu ilichelewa kuonekana. Nilikuwa nimefika pa mulango na kofia mu kichwa – hodi.

Mujinga. Peke yake. Mu mukono sahani: ndimu nusu, na majivu mu kifuniko ya kopo ya tomate.

– Shemeki, fungua kinywa.

– Juu ya nini?

– Fungua.

Nilifungua. Mu lupango yangu mwenyewe, mbele ya Léonie, sawa mbuzi yenye banapima miaka! Akaleta mukono yake na pete pale pembeni ya shavu yangu. Akatazama huku. Akatazama kule. Sawa Tshimanga na jiwe yake, lakini bila chupa.

– Hm, akasema. Funga.

Nikafunga.

– Mujinga, mwaka ya 74, Nahum na minyi –

– Nilikuuliza mwaka?

Akavuta kiti, akakaa pa meza. Akaweka sahani. Akaweka mukono pa meza, kiganja chini, vidole wazi, kijani ile juu kabisa, hakuificha.

– Leo ni siku ya posho, anasema.

– Na Tshimanga? Saa tatu inafika.

– Tshimanga anajua kungojea. Kitambaa ya Nahum iliraruka, sikuleta. Tafuta ingine.

Hakulia. Hakucheka. Sijue anajua nini. Anajua yote. Sijue! Kama kisha kusafisha atasimama aende ku soko, ama atabakia anywe chai, sijue. Hakuniambia na sikuuliza, safari hii kinywa yangu ilifanya akili.

Niliingia huku mu chambre kutafuta kitambaa. Nilisha kuipata, mukono ya chemise yangu ya zamani, flanelle muzuri. Iko mu mukono ya kushoto. Na ya kuume naandika, juu nikiandika, siende pa meza bado.

Shida njo hii. Pete haitoke mu kidole. Muntu hawezi kuisafisha bila kushika mukono yake. Kuishika muzuri, kwa upande zote mbili, na kuizungusha polepole. Minyi, miaka kenda bila bibi, mukono ya mwisho nilishika ni ya Nahum, na ile ilikuwa baridi.

Léonie anapika chai kule inje. Maji ya chai ile inachelewa sana kuchemka. Na anaimba. Hajawahi kuimba mutoto ule.

– Shemeki! Unatafuta kitambaa ao unaishona?

Nakuja!

Nahum. Unasikia ao hausikie, ni mambo yako. Uliniambia pa établi, upande ya dirisha: siku yenye nitaomba, kidogo ao kubwa. Wakati ulikuwa na nguvu ya kunipatia sikuomba kitu. Leo naomba. Iko kidogo. Geuza uso, ndugu yangu. Tazama kule ku reli. Dakika tano. Sita, kama kijani iko nguvu –